Kabla ya Amina

Waliokuwepo nyumbani kwetu Mwankoko Jumamosi ile ni hawa. Baba mdogo, ambaye ni mdogo wa marehemu baba na ndiye mwanaume mkubwa aliyebaki kwetu. Shangazi, dada yao wote wawili, aliyekuja tangu Ijumaa na mkeka wake mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata kuzaliwa. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye siku ilikuwa yake lakini alikaa jikoni, kwa sababu kwetu binti anayeposwa hakai na wanaomzungumzia. Mzee mmoja jirani, aliyeitwa awe shahidi. Na wageni watatu kutoka Nduguti: baba wa kijana anayetaka kuoa, ndugu yake, na mshenga wao, aliyevaa koti zito kwenye joto la mwezi wa kumi. Kijana mwenyewe alikuwa kazini kwake. Hao ni wanane. Mimi ndiye wa tisa, na saa nne asubuhi, wageni walipokuwa wanaonyeshwa viti, mimi nilikuwa bado barabarani juu ya pikipiki, nimejaa vumbi mpaka kwenye meno.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Baada ya kumzika mama nilirudi shule wiki mbili, halafu nikaona mdogo wetu wa mwisho anachelewa darasa la kwanza kila siku kwa sababu hakuna wa kumwogesha na kumfunga viatu. Nikakunja sare yangu nikaiweka sandukuni. Hakuna aliyenilazimisha. Baba mdogo alitulisha mwaka mzima wa kwanza, na hilo nalisema mapema ili lisisahaulike, maana huko mbele nitamlaumu.

Baadaye nililima vitunguu vya watu, nikapika kwenye kibanda karibu na stendi Singida mjini, mwisho nikaenda Makongolosi, upande wa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Sikuchimba. Nilipika wali na maharage na kuwapelekea wachimbaji kwenye mashimo yao, kwanza kwa miguu, kisha kwa pikipiki ya mtumba ambayo nilijua kuanguka nayo kabla ya kujua kuiendesha. Sufuria hizo ndizo zilizomsomesha mdogo wetu wa mwisho mpaka akaingia chuo cha uuguzi.

Alhamisi jioni, nikiwa nasugua masufuria, akanipigia simu. Alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo. Alilia kwanza, nikamwacha amalize.

"Dada, wale wa Nduguti wanakuja keshokutwa."

"Si walisema mwezi wa kumi na mbili?"

"Wamesogeza. Mama yao miguu imezidi kumuuma, wanataka mtu wa nyumbani. Wanataka niolewe kabla ya Krismasi, na chuo niache. Baba mdogo amewaambia hakuna shida."

"Na mwenzako anasemaje?"

"Yeye anasema atasubiri, ila hawezi kumjibu baba yake. Dada, nimebakiza mwaka mmoja na nusu."

Nilimpigia baba mdogo. Baada ya shikamoo akaniambia nisijisumbue, yeye yupo, ataliweka sawa. Nilipomwambia chuo ndicho nilichotaka kiwekwe sawa, mtandao ukakatika, au akaukata. Ndipo nikampigia shangazi.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Kwetu mazungumzo ya mahari hufunguliwa kwa sala. Anayeingia kabla ya Amina ana neno. Anayeingia baada ya Amina anapewa maji, anapewa pa kukaa, na anasikiliza, hata angekuwa nani. Niliwahi kumwona mjomba wa binti, mtu mzima aliyetoka mbali kwa baiskeli, akikaa kimya kutwa nzima kwa sababu alipishana na Amina mlangoni. Na anayesema kwa niaba ya binti hukaa kwenye kigoda cha baba yake. Baba akiwa hayupo, hukaa mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza akiwa hayupo, hukaa ndugu wa baba.

"Shangazi, si niongee kwa simu? Mtaweka sauti kubwa, wote wasikie."

"Simu haikai kwenye kigoda, mwanangu."

"Na mimi ni mwanamke. Watanikubali?"

"Mtoto wa kwanza ni mtoto wa kwanza. Mimi ndiye nitakayewaambia hivyo. Ila sitaweza kumwambia mtu kitu kuhusu kigoda ambacho mwenyewe hujakikalia. Njoo."

Basi la kuzunguka Mbeya, Iringa na Dodoma lingenifikisha Jumamosi jioni, wageni wakiwa wamekwishakula na kuondoka. Ilibaki barabara ya moja kwa moja, ile ya porini: Makongolosi, Rungwa, Mitundu, Itigi, halafu Mkiwa na lami ya kwenda Singida. Nilikuwa sijawahi kuipita kwa pikipiki, na sikumjua mwanamke aliyewahi. Usiku ule nilikaza kila nati. Nilibadilisha oili, nikalainisha mnyororo, nikafunga nyuma begi, pampu ya mkono, viraka, solusheni, spana, na lita tano za petroli. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri niliondoka.

Mwanzoni barabara ilikuwa nzuri, sehemu nyingine mashine zimeshalainisha. Nikapata kiburi, nikaanza kuimba ndani ya helmeti. Kisha mchanga ukaanza. Mtu ambaye hajaendesha pikipiki kwenye mchanga mwingi hawezi kujua jinsi tairi la mbele linavyogeuka lenyewe kama mbuzi anayevutwa kwenda asikotaka. Nilianguka mara ya kwanza kabla jua halijapanda. Mara ya pili muda mfupi baadaye. Ya tatu sikuanguka, nililala tu taratibu, pikipiki ikanilalia mguu, tukakaa hivyo wote wawili tukipumua. Hapo nikakumbuka nilivyokuwa nabeba chakula: ukitazama sufuria, sufuria inamwagika, ukitazama unakokwenda, inafika. Nikaacha kutazama tairi. Nikabana tenki kwa magoti, nikatazama mbali ambako mchanga unaishia, nikaongeza mafuta pale ambapo woga uliniambia nipunguze. Sikuanguka tena siku ile.

Msitu ulipozidi, ndorobo wakaja. Ndorobo ni inzi anayeuma kama sindano ya kushonea magunia, na anapenda kitu kinachokimbia. Nilidhani nikiongeza mwendo nitawaacha. Walinifuata kama wana hati ya kunikamata. Waliniuma mgongoni kupitia koti, wakaniuma mapajani, mmoja akaingia ndani ya helmeti na tukapigana humo peke yetu. Kando ya njia niliona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa mitini. Nikashangaa nani ameanika nguo porini.

Mbele kulikuwa na kizuizi ambapo magari husimamishwa ili ndorobo watolewe. Mlinzi, mtu wa makamo mwenye wavu mkononi, alinizunguka mara mbili.

"Dada, mwenye pikipiki yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Namuuliza mwenyewe, aliyekuwa anaendesha."

"Ndiyo huyu unayemwona amechafuka."

Akatazama nyuma yangu barabarani, kama vile mwanaume angetokea anakimbia kwa miguu. "Uko peke yako? Tembo je?"

"Nimeona kinyesi chao tu. Wenyewe tumeheshimiana."

Akacheka. Kisha akaninyooshea kidole kifuani. "Na hilo koti nani amekuuzia?"

"Limefanya nini?"

"Umeviona vile vitambaa mitini? Ile ni mitego. Ndorobo anapenda bluu na nyeusi kuliko anavyonipenda mimi. Wewe umevaa mtego, dada. Umetoka nao Chunya unawakusanya!"

Koti langu lilikuwa la bluu iliyoiva, na suruali nyeusi. Nilikuwa nimevivaa kwa sababu havionyeshi uchafu. Alinipigapiga mgongoni kwa wavu huku anahesabu wanaoanguka na kunitajia kila mmoja, akaniambia nigeuze koti ndani nje. Ndani lilikuwa la kijivu. Kuanzia hapo waliendelea kuniuma, ila kwa kiasi cha kibinadamu.

"Unakimbilia wapi hivi?" akaniuliza akiwa ameshainua mti wa kizuizi.

"Kwenye mahari ya mdogo wangu."

"Basi kimbia. Usije ukakuta wameshakula."

Rungwa nilinunua petroli ya kwenye chupa za maji, nikaichuja kwa kitambaa. Mitundu niliingia jua linazama. Nililala kwa mama mmoja anayeuza chakula, ambaye aliposikia na mimi ni mpishi alikataa kuniita mgeni; alinipa ndoo nioge na mwiko nimgeuzie ugali. Asubuhi alinifungia ndoo ndogo ya asali. "Huwezi kuingia kwenye mahari mikono mitupu," alisema. Nikaifunga juu ya begi kwa mpira wa tyubu, nikakaza mpaka mfuniko ukalia.

Ndipo kosa langu lilipoanzia. Asali haifungwi juu ya pikipiki kwenye barabara ya matuta, na hakuna mtu wa Singida asiyelijua hilo. Lakini nilikuwa na haraka na nilikuwa na furaha. Saa moja asubuhi tairi la nyuma likaanza kuyumba. Pancha. Niliposhuka nikaona mfuniko umepasuka na asali inatiririka kwenye begi, kwenye kiti, mpaka kwenye spoku. Na kabla sijafungua boksi la spana, nyuki wa kwanza akatua. Kisha wa pili. Kisha sikuhesabu.

Mwezi wa kumi porini hakuna maji, hakuna maua mengi, nyuki wana kiu na njaa. Asali ya bure wanaisikia kutoka mbali. Nilirudi nyuma hatua ishirini nikasimama natazama pikipiki yangu ikivaa nyuki. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke nilitaka kulia. Saa nne ilikuwa inakuja, mkononi nina spana, na sina namna ya kuisogelea nati.

Sikulia. Niliwaza kama mpishi. Nyuki hawakuwa na ugomvi na mimi wala na tairi, walifuata ndoo. Nikafunga kanga usoni, nikashusha mikono ya koti mpaka kwenye kucha, nikaenda taratibu sana, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Nilikata mpira, nikaishika ile ndoo, nikaibeba porini hatua zaidi ya mia bila kukimbia, nikaiweka chini ya kichaka na mfuniko nimeuondoa kabisa. Walinichoma mara nne. Nikarudi nikamwaga maji yangu yote ya kunywa kwenye begi na kiti, nikasugua kwa mchanga. Polepole wakahama, wote, kwenda kwenye karamu yao.

Nikafungua tairi. Nilitoa mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole cha mtoto. Nikakwangua tyubu, nikapaka solusheni, nikapuliza, nikabandika, nikapampu mpaka tairi likawa gumu. Wachimbaji walizoea kunicheka kwamba nafunga pancha kwa uangalifu kama mtu anayekunja sambusa. Walicheka, ila hakuna kiraka changu kilichowahi kuachia. Nikaiacha asali ya yule mama porini na kuondoka.

Niliyofanya kuanzia hapo sina hakika kama nayakumbuka au nimeyaota. Itigi niliipita bila kusimama. Lami ilipoanza nilihisi pikipiki imepaa. Mkiwa nikakata kushoto, Ikungi, Puma, mawe makubwa ya kwetu yakaanza kutokea pembeni mwa mashamba, upepo wa Singida ukanipiga kifuani kama unanirudisha nyuma na mimi nikaulalia. Saa ya simu ilisema saa nne na robo. Kisha saa nne na nusu. Nilijua nimechelewa, ila sikupunguza. Nilijiambia nikifika baada ya Amina nitakaa nisikilize, lakini mdogo wangu ataona kwamba nilikuja.

Sikujua kilichokuwa kinaendelea nyumbani. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenisimulia baadaye, na kila akisimulia lazima asimame.

Saa nne na dakika chache baba mdogo alikaa kwenye kigoda. Akasema wageni wametoka mbali, tusiwachoshe, dada yangu atufungulie kwa sala. Shangazi akainuka, akafunga kanga vizuri, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa safari ya wageni. Akashukuru kwa gari lao, na kwa dereva wa gari, na kwa familia ya dereva. Akaiombea Nduguti, mashamba yake na mifugo yake, akitaja ng'ombe, mbuzi, kondoo, na kuku kwa kuchelewa kuwakumbuka. Akamwombea mama mwenye miguu. Akaombea mvua. Mshenga aliyevaa koti zito akaanza kulowa jasho. Shangazi alipovuta pumzi, baba mdogo akasema kwa sauti, "Amina."

"Na pia, Baba," shangazi akaendelea bila kufungua macho, "tunawakumbuka marehemu."

Akawakumbuka mmoja mmoja. Akaanza na babu. Chai ilipoa. Jirani shahidi alisinzia, akaamshwa, akasinzia tena. Baba mdogo akajaribu Amina ya pili, wageni wakamsaidia, na shangazi akawaambia watu wote, kwa upole, kwamba hajamaliza kuongea na Mungu. Alikuwa amefika kwa wagonjwa wa hospitali, wadi kwa wadi, sauti ya pikipiki iliposikika kwenye njia ya mashamba ya vitunguu.

"Na umlinde, Baba," akasema kwa sauti kubwa, "kila anayesafiri kwa chombo cha moto, na umfikishe salama kwake. Amefika. Amina."

Nilikuwa nimeweka mguu mmoja ndani.

Nilivua helmeti. "Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia, wengine wakiwa bado wanafuta macho ya usingizi. Baba wa kijana alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Nilikuwa mwekundu wote, shavu moja limevimba kwa nyuki, kotini majani yameganda kwa asali.

"Huyu ametoka wapi?" akauliza. "Kuchimbwa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Shangazi hakucheka. "Mtoto wa kwanza wa marehemu amefika," alisema. "Mpisheni akae."

Baba mdogo hakuinuka. "Karibu, mwanangu. Pole na safari. Nenda ukaoge kwanza, maji yapo, sisi tutaendelea taratibu."

Maneno yake yalikuwa ya huruma, na kama ningekwenda kuoga, ningetoka kuoga nikute mdogo wangu ameshaolewa. "Asante, baba mdogo," nikasema. "Nitaoga wageni wakishaondoka." Nikabaki nimesimama mbele yake. Nilisimama muda. Mwishowe akainuka, akakipangusa kile kigoda kwa kiganja chake, jambo ambalo sikulitegemea, akahamia kwenye benchi. Nikakaa. Ni kifupi sana.

Nilisema maneno machache, kwa sababu sina mengi. Nikasema hatumkatai kijana, tunamtaka, ana adabu. Nikasema mama yao tunamhurumia, na ndiyo maana inafaa wampate mkwe anayejua kumtibu kuliko mkwe anayejua kumpikia tu. Nikasema mimi niliacha shule ili huyu afunge viatu aende shule, na sitakaa kwenye kigoda cha baba nikamwambia avivue. Amalize chuo. Mwaka mmoja na nusu. Kisha tutacheza wote.

Baba wa kijana akauliza, "Umetoka Makongolosi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa kuzungukia Dodoma?"

"Kwa Rungwa."

"Na basi gani?"

"Na ile iliyoko nje."

Akainuka, akatoka. Tulimwona kupitia mlangoni akiizunguka pikipiki, mikono nyuma. Aligusa tairi la nyuma. Akainama kwenye taa ya mbele, akabandua kitu kwa kucha, akarudi nacho kiganjani na kumwonyesha ndugu yake. Ndorobo aliyekauka.

"Mimi nimeendesha lori njia hiyo miaka mingi," alisema akikaa. "Tulikuwa tunapita watu wawili, mmoja akilia mwingine anaendesha." "Mzee mwenzangu," akamwambia baba mdogo, "tukimkatalia huyu leo, kesho nitamkuta mlangoni kwangu Nduguti. Amalize. Mama yao tutamtafutia msaidizi."

Kutoka jikoni kilisikika kitu cha bati kikianguka, kisha kicheko kilichozibwa kwa mkono. Shangazi akapiga kigelegele peke yake, kirefu kama sala yake. Nilimtazama jirani shahidi nikaona yuko macho kabisa. Sijawahi kushinda kitu shuleni, sikukaa huko muda wa kutosha. Siku ile nilijua ladha ya kushinda.

Mshenga ndiye aliyeongeza neno. Alisema kwa heshima kwamba kwa kuwa binti atakuja baadaye, na ng'ombe wa mahari watakuja pamoja na siku yake, si kabla. Nikaona ni haki. Nikasema sawa.

"Na huyu?" baba mdogo akauliza. Alikuwa ananionyesha mdogo wangu wa kiume, aliyekaa karibu na mlango. "Umemuuliza huyu?"

Sikumwelewa. Nikamtazama mdogo wangu, naye akatazama chini.

"Ana mchumba Puma," baba mdogo akasema. Hakuwa na hasira. "Wakwe wanataka ng'ombe. Ng'ombe wa kwenda Puma ndio hao wanaotoka Nduguti. Ndiyo maana nilikuwa naharakisha. Ulidhani nataka kuwala mimi?"

Ndivyo inavyokuwa kwetu, ng'ombe wanaokuja kwa ajili ya dada ndio wanaomwozesha kaka. Nililijua hilo tangu mtoto. Njia nzima, kwenye mchanga, kwa ndorobo, kwa nyuki, nilimfikiria mdogo mmoja. Sikumfikiria wa pili, na wala sikujua ana mtu, kwa sababu kila nikipiga simu yeye ndiye anayeniuliza habari zangu.

Nilifungua mdomo. Yeye akawahi.

"Nitasubiri," alisema.

"Wakwe zako je?" baba mdogo akamuuliza.

"Nitaongea nao. Nimesema nasubiri. Dada, usiinuke hapo."

Nikabaki nimekaa. Mazungumzo yakafungwa, chai ikapashwa moto, tukala. Wageni walipoondoka nilioga mara mbili na maji bado yalitoka mekundu. Nilipotoka nilimkuta mdogo wangu wa kiume uani anaosha pikipiki yangu kwa mswaki mkuukuu, anatoa asali kwenye spoku moja moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja?"

Akaendelea kusugua.

"Basi," akasema. "Nilitaka uje."

Mwaka umepita sasa. Mdogo wetu wa mwisho yuko kwenye mazoezi hospitalini, anavaa nyeupe, na kila mwezi mama wa Nduguti anampigia simu kumuuliza dawa za miguu. Shangazi anaalikwa kufungua kila kikao cha ukoo, na watu hula kabla ya kuja. Mimi nimerudi Makongolosi kwenye masufuria yangu. Mchumba wa mdogo wangu bado yuko kwao Puma, na kaka zake wameshaanza kuuliza maswali. Ninapompigia simu, mdogo wangu ananiuliza pikipiki inaendeleaje. Hajawahi kuniuliza ng'ombe watapatikana lini. Nimenunua mtamba mmoja wa kwenda Puma. Yuko kwa baba mdogo, aliyekubali kunichungia. Waliobaki bado nadaiwa.